Askari Ameenda, Nani Amebaki na Vyombo?

 

Leo neno langu ni refu kuliko ibada fupi ya asubuhi mliyoizoea. Kama uko kituo cha majani unangoja lori la kiwanda, soma polepole. Lori utalisikia likipanda mlima. Kama uko kwenye matatu kutoka Litein, utamaliza kabla hujafika mjini.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Pasta, mtoto ameitwa. Ameitwa Eldoret!" Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Huyo anayeitwa mtoto ana miaka ishirini na tisa. Ana mke na watoto wawili. Lakini kwa mama, mtoto hakui. Tukamshukuru Mungu pale pale mlangoni, watu wakapiga vigelegele, vijana wakambeba juu.

Nilipoinua macho nikamwona mke wake. Alikuwa amesimama karibu na mti, mdogo mgongoni, mkubwa ameshika sketi yake. Hakuwa amenuna, ila hakucheka. Alikuwa anahesabu, na niliiona hesabu usoni mwake. Karo. Majani. Maziwa. Nani atapeleka mtoto hospitali usiku.

Nimeandika neno hili kwa ajili ya yule mke, na kwa ajili yako wewe uliyekuwa unapiga vigelegele. Pia kwa ajili yangu mimi, kwa sababu jambo hili niliwahi kulikosea, na nitakuambia nilivyolikosea.

Kwanza tuelewane ni nani tunayemzungumzia. Tukisikia neno kurutu tunafikiri kijana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza kidato cha nne juzi. Wapo, na tunawaombea. Lakini matangazo ya KDF huruhusu kurutu wa kawaida kuanzia miaka 18 hadi 26, na wenye ufundi, kama mafundi umeme, mafundi bomba na makanika, hadi miaka 30. Kwa hiyo kila mara uandikishaji unapofika uwanjani Kericho au Bomet, utawaona wanaume na wanawake wazima kwenye ule mstari. Huyu amejaribu mara nne. Yule alienda chuo cha ufundi kwa pesa za bonasi ya baba yake, akarudi, akakosa kazi, akaoa, akapata watoto, akawa anapruni chai za watu kwa kibarua. Mashambani makubwa mashine za kuchuna zimeingia, na mikono mingi iliyokuwa inahitajika jana leo haihitajiki. Mtu wa namna hiyo akisimama kwenye mstari anajua hii ndiyo nafasi ya mwisho. Mwakani umri utakuwa umempita.

Wapendwa, huyo anakimbia mbio ile akiwa amebeba nyumba nzima mgongoni.

Na wala usimdharau kwa sababu ya umri. Uwanja wetu wa Kericho una jina la Kiprugut Chumo, na jina hilo ni la mwanajeshi. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa hapa hapa, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Akarudi mwaka 1968 kule Mexico akapata fedha, akiwa na miaka thelathini hivi. Alilala mwaka 2022. Kwa hiyo vijana wetu wanapopimwa kifua na meno katika uwanja ule, wanapimwa chini ya jina la mtu aliyezidi kung'aa umri wenzake walipokuwa wanastaafu. Na Biblia inamjua Kalebu, Yoshua 14, ambaye akiwa na miaka themanini na mitano alisema nguvu zake ni zile zile, akaomba apewe mlima. Mungu haogopi cheti chako cha kuzaliwa.

Lakini cheti chenyewe kiwe cha kweli. Nitarudi hapo.

Sasa nikuambie kosa langu.

Miaka michache iliyopita ndugu mmoja wa kanisa letu aliitwa. Naye alikuwa baba wa watoto wawili, fundi, karibu afikie mwisho wa umri. Tulifanya kesha. Tulimwekea mikono. Mimi mwenyewe nilimpaka mafuta. Asubuhi tukamsindikiza stendi na nyimbo, akapanda gari la kupitia Londiani. Sijawahi kujisikia mchungaji mzuri kama siku ile.

Halafu nikamsahau. Hapana, yeye sikumsahau. Kila Jumapili nilimtaja katika maombi, "Bwana, mkumbuke askari wetu kule Moi Barracks." Niliyemsahau ni mke wake. Alikuwa anakaa safu ya tatu upande wa kushoto, nami nilikuwa namwona kila Jumapili. Aliposema "salama, Pasta," niliamini.

Wiki za kwanza simu ya mume ilikuwa imezimwa. Kule kambini simu si yako, na saa pia si yako. Mke alibaki na shamba la robo ekari, ng'ombe mmoja, deni la chama na mtoto mwenye kifua. Pesa aliyoachiwa ilimalizika mwezi wa kwanza. Majani yakawa yanazeeka shambani, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuchuna, kukama, kupika na kukesha na mgonjwa. Mwezi ule shemeji zake walikuja mara mbili. Walikuja kuuliza gwaride ni lini, ili wajiandae.

Siku moja mume alipata nafasi ya kupiga simu, dakika chache tu, na wenzake wanangoja nyuma yake. Upande wa huku simu ilizungushwa kama sahani ya sadaka. Baba akasema ng'ombe ameanguka. Ndugu akasema mashine ya maji imeharibika. Mtu mwingine akaomba, akianza kulipwa, asimsahau. Mke alipopewa simu, alilia tu mpaka muda ukaisha.

Ndugu huyu alihitimu, namshukuru Mungu. Aliporudi likizo alikuja kwangu jioni, tukakaa nje, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Pasta, mbio hazikunishinda. Baridi haikunishinda. Sauti ya mwalimu haikunishinda. Simu ya nyumbani ndiyo ilitaka kunishinda." Akaniambia usiku ule alikunja vitu vyake akaamua asubuhi aombe kuondoka. Aliyemzuia ni kijana wa miaka ishirini wa kitanda cha jirani, aliyemwambia tu, "Mzee, ngoja kwanza tule uji."

Kijana mgeni kabisa alifanya kazi ambayo kanisa zima halikuifanya. Nilimwomba msamaha. Nikaenda nikamwomba mke wake msamaha pia. Leo nauomba mbele yenu.

Sasa fungua Biblia yako, 1 Samweli 17. Sisi wahubiri tunapenda kuanza na jiwe na kombeo. Rudi nyuma kidogo, mstari wa 17 na 18. Yese alikuwa mzee na wanawe watatu wakubwa walikuwa vitani. Je, alikaa akingoja habari za ushindi? Hapana. Alifunga chakula, bisi na mikate kumi kwa ajili ya wanawe, na jibini kumi kwa ajili ya mkuu wao. Akamtuma mdogo akawaangalie hali na arudi na alama kwamba wako salama. Daudi alifika kwenye vita vile kama mtu wa kupeleka chakula. Ushindi wa Israeli siku ile ulianzia jikoni kwa mzee mmoja wa Bethlehemu.

Halafu nenda 1 Samweli 30. Hapa ndipo ninapotaka ukae. Daudi na watu wake mia sita wametoka nyumbani kwenda kazi ya kijeshi. Wanarudi Siklagi wanakuta mji umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa. Ona vizuri, mpendwa. Nyumba iliungua wakati askari yuko kazini. Wakalia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia. Walipokwenda kuwafuata adui, mia mbili walichoka wakabaki kijito cha Besori kulinda vyombo. Mia nne wakaendelea, wakashinda, wakarudi na watu wote na mali yote. Ndipo wengine wakasema waliobaki wasipewe kitu. Daudi akakataa. Akaweka sheria kwamba fungu la anayeshuka vitani na fungu la anayekaa na vyombo ni sawa sawa.

Sawa sawa! Mke aliyebaki na shamba, mama mkwe aliyelala na wajukuu, jirani aliyemkamia ng'ombe, hao wote ni askari wa kukaa na vyombo. Siku ya gwaride pale Eldoret, mbele za Mungu, nao wanahitimu.

Huo ndio msimamo wangu leo, na nitausema wazi hata kama utakukera. Tunawapenda makurutu wetu siku mbili tu, siku ya kuondoka na siku ya gwaride. Katikati tunawaacha. Na kwa kurutu mwenye umri na familia, vita viko hapo katikati, tena vinapiganwa huku nyumbani kwetu.

Najua kuna mtu anasema, "Pasta, huyo ni mtu mzima. Amechagua mwenyewe. Ajisimamie." Nimelisikia hilo hata kwa wazee wa kanisa. Nakujibu kwa upendo. Kijana wa miaka kumi na tisa akienda, nyumbani kunabaki kitanda kitupu, na baba na mama bado wapo. Mtu wa miaka ishirini na tisa akienda, kunabaki watoto wanaouliza baba yuko wapi. Huo utu uzima wake ndio unaofanya mzigo uwe mkubwa. Na Mungu alilijua hilo. Soma Kumbukumbu la Torati 24:5, mwanamume aliyeoa karibuni hakutakiwa kwenda vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Kenya haina sheria hiyo, na silaumu jeshi, mafunzo ni mafunzo. Lakini kama sheria ya nchi haiwezi kumweka mume nyumbani, basi kanisa lisogee karibu na nyumba ile.

Tusogee namna gani? Nitakuambia mambo yanayoshikika kwa mkono, kwa sababu maombi nimeyasema na utayaomba.

Kabla hajaondoka, kaeni chini kama familia, mume, mke, wazazi, na ikiwezekana mtu mmoja wa kanisa. Semeni pesa iko ngapi. Semeni deni liko wapi. Majani yatachunwa na nani, na malipo ya kiwanda yataingia kwa simu ya nani. Wengi wanaogopa kuzungumza haya wakidhani ni kukosa imani. Yesu mwenyewe, Luka 14, alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Na tafadhali, usihesabu mshahara wa askari kamili wakati mtu bado ni kurutu. Usikope juu yake. Usiende dukani useme, "Mwanangu ameingia jeshi, niandikie kwenye kitabu."

Akishaondoka, shikeni zamu. Baada ya kosa langu, mama mmoja mzee wa kanisa letu, ambaye hajui kusoma, alifanya kile ambacho mimi na diploma yangu ya chuo cha Biblia hatukukifikiria. Kurutu mwingine alipoenda, aliita kina mama wa kokwet akasema, "Jumanne ni ya shamba la huyu." Wakawa wanaingia watano, wanachuna, wanapeleka kituoni kwa jina la mwenye shamba, wanaenda zao. Hawakuchangisha hata shilingi. Saa tatu za asubuhi, basi. Mke yule hakupoteza majani hata ya wiki moja. Mpendwa, hiyo ni ibada kuliko kesha langu.

Simu ikiingia, mpeni mke kwanza, na watoto. Halafu mama yake. Sisi wengine tunyamaze. Usimdanganye kurutu, akikuuliza mtoto ni mgonjwa usiseme hajambo. Lakini kuna namna ya kusema. "Alikuwa na kifua, tumempeleka Kapkatet, amepewa dawa, shangazi yuko naye." Hapo umemwambia ukweli na umemwambia vyombo vinalindwa. Tofauti na "mtoto anakufa na hatuna pesa." Paulo anamwambia Timotheo kwamba askari aliye vitani hajifungi na shughuli za maisha ya kawaida. Basi wewe usimfunge! Mambo ya mashine ya maji yatangoja.

Kama kuna mahali barua inaruhusiwa, andika. Familia moja ninayoifahamu ina mwana aliyeingia jeshi la Marekani akiwa amepita miaka thelathini. Kule nao wananyang'anywa simu mwanzoni, wanaandika barua kwa kalamu. Mama yake alipokea karatasi ile kutoka ng'ambo, na hajui Kiingereza vizuri, lakini mwana alikuwa ameandika kwa Kipsigis. Ameiweka ndani ya Biblia yake mpaka leo. Alimjibu mistari minne tu, kwamba mvua imenyesha, ndama amezaliwa, watoto wanakula, tunakuombea saa kumi na moja asubuhi. Mwana alisema mistari ile minne ilimbeba wiki sita.

Na enyi wanaume mliobaki kijijini, nina neno lenu fupi. Mke wa kurutu si mjane na si mali isiyo na mwenyewe. Uria alikuwa kambini, 2 Samweli 11, na aliyemharibia nyumba hakuwa adui, alikuwa mfalme wake mwenyewe aliyebaki mjini. Ukienda kumsaidia kurekebisha ua, nenda mchana, nenda na mke wako. Na ninyi wenye midomo, msimpigie kurutu simu kumpelekea umbeya. Umeua watu wawili kwa dakika mbili.

Wapo pia dada zetu wanaoingia, wengine ni mama wa watoto. Mume akibaki anapika uji na kusuka nywele za binti yake, tusimcheke pale sokoni. Huyo naye anakaa na vyombo.

Sasa nirudi kwenye cheti.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kaka yangu mkubwa alijaribu jeshi mara ya tatu, umri ukiwa unakaribia kumtupa. Alitokea mtu mwenye koti zuri, akasema anamjua mkubwa fulani. Baba yangu, mzee wa kanisa, aliuza mitamba miwili. Barua ikaja, ina muhuri, inapendeza. Jumapili ile tuliiombea kanisani, nakumbuka mchungaji akiishika juu na sisi tukisema amina. Kaka yangu alifika kwenye geti akaambiwa barua ni bandia. Alirudi, akashuka stendi, akangoja giza liingie ndipo akaja nyumbani, ili majirani wasimwone. Baba hakulizungumza jambo lile mpaka alipolala. Na sisi tulikuwa tumeiombea barua feki, tukasema amina kwa sauti kubwa.

Si hadithi ya zamani tu. Habari za vijana kufika Moi Barracks na barua za uongo zimetangazwa zaidi ya mara moja, na wengine wameishia mahakamani. KDF kila mara inasema uandikishaji ni bure. Basi mzazi, usiuze ng'ombe. Usikodishe shamba la chai. Usibadilishe mwaka wa kuzaliwa wa mwanao ili aonekane mdogo. Utamwambiaje askari awe mwaminifu kwa nchi wakati siku ya kwanza umemwingiza kwa uongo? Na kama umri umepita, umepita. Mlango ukifungwa na Mungu, usiuvunje dirisha.

Halafu kuna jambo ambalo hatulisemi kabisa. Wako wanaorudi. Wengine daktari anaona kitu, wengine goti linakataa, wengine moyo unashindwa. Mwili wa miaka ishirini na tisa hauponi haraka kama wa miaka kumi na tisa. Akirudi, tunafanyaje? Kwa kawaida tunanyamaza, na kunyamaza kwetu kunamwua. Kaka yangu hakuhitaji mahubiri usiku ule. Alihitaji mtu aende stendi akamchukue mchana, watembee pamoja barabarani, mkono begani, watu wakiona.

Waamuzi 7, Gideoni alikuwa na watu elfu thelathini na mbili. Elfu ishirini na mbili walirudi nyumbani siku moja, na Mungu hakuwalaani hata mmoja. Yohana Marko aliacha safari katikati, Matendo 13, na mwisho wa maisha yake Paulo mwenyewe aliandika kwamba Marko aletwe, anamfaa. Basi yule aliyesindikizwa na nyimbo apokewe pia na nyimbo, hata kama amerudi bila kofia. Kama kanisa letu haliwezi hilo, tuache kesha za kusindikiza.

Nimalizie na siku ya gwaride, kwa maana najua ndiyo mnayoingoja. Ni siku nzuri! Nimeenda. Watu wanatoka huku usiku, baridi ya Timboroa inaingia mpaka mifupani, mnafika Eldoret kukipambazuka. Buti zinapiga chini kwa pamoja na hujui mwanao ni yupi, wote wamekuwa kitu kimoja. Halafu unamtambua kwa namna anavyoshika kichwa, kama babu yake. Mimi nililia, na sikuwa hata mzazi.

Furahini. Bebeni sotet na mursik, bebeni sinendet mkamvishe. Lakini nawasihi, kiti cha kwanza ndani ya gari kiwe cha mke na watoto. Nimeona magari matatu ya kukodi yamejaa wajomba, mwanasiasa na wapiga picha, na mke ameachwa nyumbani kuangalia sufuria za sherehe. Hata mimi pasta, kama kiti ni kimoja na mtoto amebaki, nishusheni. Na kama pesa ya magari matatu ipo, ilikuwa wapi mtoto alipokuwa na kifua? Gari moja linatosha. Hema halihitajiki. Msimpokee askari mpya kwa deni la sherehe yake mwenyewe.

Tena tukumbuke nyuma ya gwaride kuna kazi yenyewe. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya El Adde kule Somalia ilishambuliwa, na askari wetu wengi hawakurudi. Kikosi kilichokuwa pale kilitoka pale pale Eldoret. Wakati ule kuna wake waliokuwa wanapiga simu ambayo haishikwi. Silisemi hili kukutisha siku ya furaha. Nalisema ili ujue kwamba zamu ya vyombo haiishi siku ya kuhitimu. Kanisa lililojifunza kukaa na familia wakati wa mafunzo litajua kukaa nayo siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo yule mama wa Jumapili iliyopita, furaha yako ni yetu. Na wewe dada uliyesimama karibu na mti, nimekuona. Safari hii nimekuona. Jumatano jioni nitakuja na mke wangu na wazee wawili, tukae na mume wako kabla hajaondoka, tuandike hesabu ile uliyokuwa unaifanya kichwani. Jumanne zote kina mama wameshasema ni zako.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa mlango uliofungua. Mshike huyu ndugu yetu, magoti yake, mapafu yake, moyo wake. Mpe jirani wa kitanda mwenye neno jema. Uilinde Siklagi yake isiungue akiwa mbali. Utufundishe sisi tuliobaki kukaa na vyombo bila kunung'unika. Uwaponye waliorudi kabla ya wakati, na wazazi waliotapeliwa, na wale ambao wao hawatarudi tena. Utusamehe tulipopiga vigelegele tukaenda zetu. Amina.

Kama una kurutu katika familia yako, andika AMINA hapa chini, usiandike jina lake. Halafu weka simu kando, uende ukamwulize mke wake majani yako vipi.